Printa moja, kompyuta tatu: Faida ya steshenari inavyopotea njiani

MZAZI anayefika Bumbuli kutoka Mgwashi au Tamota akiwa na flashi mfukoni huwa ameacha kazi shambani. Amelipa nauli ya bodaboda na anataka kurudi kabla mvua haijaifanya njia kuwa utelezi. Anachotafuta ni kurasa chache tu: maelekezo ya kujiunga na shule aliyopangiwa mwanawe, ambayo siku hizi TAMISEMI huyaweka kwenye mtandao yakiwa katika muundo wa PDF.

Dukani anaweza kukuta kompyuta tatu za mezani na printa moja. Kijana wa steshenari anafungua faili, maandishi yanaonekana vizuri kwenye skrini, anabonyeza kuchapa. Printa iko kimya. Anabonyeza tena, na tena. Baada ya dakika kumi kazi zote zinatoka kwa mpigo, nakala nne za kitu kilekile. Siku nyingine hali ni mbaya zaidi: zinatoka kurasa kadhaa zilizojaa alama zisizosomeka, na rimu inazidi kupungua huku kila mtu akiitazama printa.

Mzazi anataka nakala moja na atalipia nakala moja. Zilizobaki zinalipiwa na mwenye duka.

Wamiliki wengi wa steshenari huhesabu mapato yao kwa kutazama idadi ya wateja wanaoingia. Ni wachache wanaohesabu kinachopotea katika hatua ya mwisho, yaani ile safari fupi ya waraka kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye printa. Safari hiyo haizidi mita chache, lakini ndiyo inayoamua kama duka litapata faida au litafanya kazi ya kujitolea.

Karatasi haijaisha kazi

Wapo waliodhani kwamba huduma za serikali zikihamia kwenye mtandao, biashara ya kuchapa itakufa. Katika wilaya za milimani mambo yamekwenda kinyume. Huduma zimehamia mtandaoni, lakini mwananchi wa kijijini bado anahitaji karatasi mkononi, na kazi ya kuichapa iliyokuwa ikifanywa na ofisi sasa inafanywa naye mwenyewe kupitia steshenari.

Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA) husajili kwa njia ya mtandao, na cheti cha jina la biashara humfikia mhusika kama faili. Cheti cha namba ya mlipakodi kutoka TRA nacho hupakuliwa. Bili za taasisi za umma, tangu mfumo wa malipo ya serikali wa GePG ulipoanza mwaka 2017, hutoka zikiwa na namba ya kumbukumbu ya malipo ambayo wengi huiita kontroo namba. Mfanyabiashara anayetaka kuuza maharage, viazi au mboga kwa shule ya serikali au hospitali hukutana na mfumo wa ununuzi wa NeST, ulioanza kutumika mwaka 2023.

Wanafunzi wanaoomba mikopo ya elimu ya juu ndio wateja wenye haraka kuliko wote. Mwombaji hujaza fomu ya Bodi ya Mikopo mtandaoni, huichapa, huipeleka kusainiwa, kisha kurasa zilizosainiwa hurudishwa kwenye mfumo zikiwa zimeskaniwa. Dirisha la maombi lina siku ya kufungwa. Fomu iliyokatwa pembeni, au yenye ukurasa uliofifia, inaweza kumlazimu mwanafunzi kurudia mzunguko mzima wa kutafuta saini. Kwa familia inayotegemea majani ya chai au karoti, huo si usumbufu mdogo.

Kwa nini PDF

Uchapaji si jambo jipya katika milima ya Usambara. Matbaa ya misheni ya Kilutheri ya Vuga, ndani ya Halmashauri hiihii ya Bumbuli, ilichapa vitabu vya Kiswahili na Kisambaa katika karne iliyopita. Wakati huo mpangaji wa herufi ndiye aliyeamua ukurasa utakavyoonekana, na nakala zote zilifanana.

Kompyuta zilipoenea, ufanano huo ulipotea. Barua iliyoandikwa kwa Word kwenye kompyuta moja ikifunguliwa kwenye nyingine inaweza kubadilika: mistari inasogea, jedwali linavunjika, ukurasa wa kwanza unamwagikia wa pili. Sababu ni kwamba kompyuta ya pili huenda haina aina ileile ya herufi, au ina toleo tofauti la programu.

Kampuni ya Adobe ya Marekani ilitoa muundo wa PDF mwaka 1993 ili kutibu tatizo hilo. Faili ya PDF hubeba mpangilio wa ukurasa, picha na, ikitengenezwa vizuri, herufi zenyewe. Mwaka 2008 muundo huo ulifanywa kuwa kiwango cha kimataifa, hivyo haumilikiwi tena na kampuni moja. Ndiyo maana ofisi nyingi huutumia: waraka uliotengenezwa Dodoma unatakiwa uonekane vilevile Bumbuli.

Hata hivyo PDF inaahidi mwonekano wa ukurasa tu. Haiahidi kwamba printa itaielewa. Printa nyingi ndogo haziwezi kusoma PDF moja kwa moja. Kompyuta hulazimika kuitafsiri kwanza kuwa lugha ya printa husika, kwa kutumia programu ndogo inayoitwa draiva, kisha kuisukuma kupitia waya au mawimbi. Matatizo mengi ya dukani huzaliwa katika tafsiri hiyo au katika njia hiyo.

Njia mbili za kuunganisha

Wazo la kompyuta nyingi kutumia printa moja lilitokana na gharama. Mwaka 1985 kampuni ya Apple iliingiza sokoni printa ya leza iitwayo LaserWriter kwa bei ya dola 6,995. Fedha hizo zilikuwa nyingi mno kwa mtu mmoja, na printa hiyo ilitengenezwa iweze kuhudumia kompyuta kadhaa za ofisi moja. Bei zimeshuka sana tangu wakati huo, lakini hesabu ni ileile: mashine moja inayofanya kazi kutwa ni nafuu kuliko tatu zinazolala.

Kwa steshenari yenye kompyuta mbili au tatu zipo njia mbili.

Ya kwanza ni kuichomeka printa kwa waya wa USB kwenye kompyuta moja, kisha kuiruhusu kompyuta hiyo igawe printa kwa wenzake kupitia mtandao wa ndani. Haihitaji printa ya gharama, na ndiyo maana imezoeleka. Udhaifu wake ni kwamba kompyuta mama lazima iwe imewashwa wakati wote. Ikizimwa, ikiganda au ikianza kujisasisha, duka zima linasimama.

Udhaifu huo ulionekana dunia nzima mwaka 2021. Kasoro kubwa ya usalama iligunduliwa katika sehemu ya Windows inayosimamia uchapaji, na Microsoft ikatoa marekebisho kuanzia Julai mwaka huo. Baada ya marekebisho ya Septemba, kompyuta nyingi zilizokuwa zikichapa kupitia kompyuta nyingine zilikataa na kuonyesha kosa lenye namba 0x0000011b. Maduka na ofisi zilizokuwa zikichapa vizuri jioni zilikuta asubuhi hakuna kinachotoka. Wengi waliishia kuyaondoa marekebisho ya usalama ili waendelee na kazi, jambo ambalo liliacha mlango wazi kwa wahalifu wa mtandao.

Njia ya pili ni kuiunganisha printa yenyewe kwenye ruta au swichi, kwa waya wa mtandao au kwa Wi-Fi, na kila kompyuta ikapeleka kazi moja kwa moja. Hapa hakuna kompyuta mama. Moja ikiharibika, nyingine zinaendelea. Kosa lile la mwaka 2021 halikuzigusa kompyuta zilizounganishwa hivi. Printa yenye tundu la waya wa mtandao huuzwa ghali zaidi kuliko ile ya USB pekee, lakini tofauti hiyo hulipwa mara moja tu.

Intaneti si sharti. Wengi huchanganya mambo haya mawili. Mtandao wa ndani unaounganisha kompyuta na printa hufanya kazi hata kifurushi kikiwa kimekwisha au mnara wa simu umezimika. Kinachohitaji intaneti ni kupakua faili. Kuichapa hakuihitaji.

Anwani inapohama

Lalamiko la kawaida kuliko yote ni hili: printa inawaka, waya umechomekwa, jana ilichapa, lakini leo kompyuta inasema haiioni. Mara nyingi printa haina ubovu wowote. Imehama anwani.

Kila kifaa kwenye mtandao hupewa namba ya utambulisho, yaani anwani ya IP, mfano 192.168.1.20. Ruta ndiyo inayogawa namba hizo. Umeme ukikatika na kurudi, ruta inaweza kugawa upya, na printa iliyokuwa na namba 20 ikapewa 23. Kompyuta inaendelea kupeleka kazi kwenye namba 20, ambako hakuna mtu. Ni sawa na mnunuzi wa kabichi kutuma gari lake Soni wakati mkulima amehamishia mzigo Mombo.

Tiba yake ni kuipa printa anwani isiyobadilika. Fundi anaweza kuifunga namba hiyo ndani ya ruta, au kuiandika kwenye menyu ya printa yenyewe. Kisha kwenye kila kompyuta printa iongezwe kwa kutumia namba hiyo, badala ya kuiacha kompyuta ijitafutie. Kazi hii haizidi saa moja kwa duka la kompyuta tatu. Namba iandikwe kwenye kipande cha karatasi na kubandikwa ubavuni mwa printa, ili hata fundi mwingine akija asianze kubahatisha.

Mwenye duka pia anashauriwa kuiweka ruta kwenye UPS pamoja na kompyuta. Printa ya leza yenyewe isichomekwe kwenye UPS ndogo, kwa sababu kifaa chake cha kuyeyushia wino wa unga huvuta umeme mwingi kwa ghafla na kinaweza kuizidi nguvu. Inatosha ichomekwe kwenye kifaa cha kuzuia mshtuko wa umeme, na kuchomolewa radi zinapoanza.

Faili inapogoma

Zile kurasa zenye alama zisizosomeka zina maelezo mepesi. Kompyuta imeizungumzisha printa kwa lugha isiyo yake. Draiva iliyowekwa ni ya aina nyingine, au faili imetumwa ikiwa haijatafsiriwa, na printa inachapa maagizo kana kwamba ni maandishi.

Kuzima printa peke yake hakusaidii. Kazi bado imo kwenye foleni ya kompyuta, na printa ikiwashwa itaanza upya pale ilipoachia. Kijana afungue foleni kwenye kompyuta, afute kazi, ndipo azime printa na kuiwasha. Baada ya hapo draiva iondolewe na kuwekwa ile ya modeli husika, ikichukuliwa kwa mtengenezaji wa printa na si kwenye flashi ya kupeana.

Yapo matatizo mengine manne yanayojirudia, na kila moja lina dawa yake.

La kwanza ni herufi kupotea au kugeuka viboksi. Aliyetengeneza faili hakuzifunga herufi ndani yake. Katika programu ya Adobe Reader, kwenye sehemu ya mipangilio ya ziada ya kuchapa, kuna chaguo lililoandikwa “Print as Image”. Chaguo hilo huigeuza kurasa kuwa picha kabla ya kuituma. Huchukua muda zaidi, lakini kinachoonekana kwenye skrini ndicho kinachotoka.

La pili ni printa kusimama na taa kuwaka huku karatasi zikiwamo. Faili nyingi kutoka Marekani hupangwa kwa karatasi ya Letter, yenye milimita 216 kwa 279. Karatasi inayouzwa nchini ni A4, yenye milimita 210 kwa 297. Printa inasubiri karatasi ambayo haipo. Kipimo cha A4 kichaguliwe kwenye kompyuta na kwenye printa yenyewe, mara moja na kwa kudumu.

La tatu ni ukubwa. Chaguo la “Fit” hupunguza ukurasa ili uingie wote, na kwa fomu za kawaida linafaa. Lakini kwa ramani ya kiwanja yenye vipimo, au lebo ya asali na jamu yenye msimbo wa mistari, lazima lichaguliwe “Actual size”. Lebo iliyopunguzwa inaweza kukataa kusomwa kwenye kaunta ya duka kubwa, na mzigo ukarudi kwa mkulima.

La nne ni faili nzito. PDF iliyoskaniwa inaweza kuwa ndogo kwenye flashi lakini ikavimba mara nyingi inapotafsiriwa kwa ajili ya printa. Kwenye Wi-Fi dhaifu huchukua dakika kadhaa kufika. Hapo ndipo kijana asiyejua hubonyeza mara nne. Kanuni ni kubonyeza mara moja, kisha kutazama foleni. Kama kazi imo kwenye foleni, isubiriwe.

Hesabu ya ukurasa mmoja

Hapa ndipo biashara inapotenganishwa na mazoea. Tuchukue mfano, na kila mwenye duka aweke bei zake mwenyewe.

Tuseme tona inanunuliwa kwa Sh 60,000 na boksi linasema inatoa kurasa 1,500. Wino wa ukurasa mmoja ni Sh 40. Rimu ya karatasi 500 ikinunuliwa kwa Sh 12,000, karatasi moja ni Sh 24. Jumla ni Sh 64. Ukurasa ukiuzwa kwa Sh 200 zinabaki Sh 136 za kulipia umeme, pango, msaidizi na fundi.

Katika hesabu hiyo, kurasa mbili zilizoharibika zinagharimu Sh 128, yaani karibu faida yote ya ukurasa mmoja uliouzwa. Duka linaloharibu kurasa 10 kwa siku, kwa siku 26 za kazi, hupoteza Sh 16,640 kwa mwezi. Hiyo ni zaidi ya bei ya rimu nzima. Bandu bandu huisha gogo.

Lakini kuna upotevu mkubwa zaidi usioonekana kwenye pipa la taka. Idadi ya kurasa iliyoandikwa kwenye boksi la tona hupimwa kwa kurasa ambazo wino hufunika takriban asilimia 5 tu ya karatasi, yaani barua ya kawaida. PDF iliyotengenezwa kwa kupiga picha karatasi kwa simu huwa na kivuli cha kijivu ukurasa mzima. Wino ukifunika asilimia 20, gharama yake inapanda mara nne, kutoka Sh 40 hadi Sh 160. Ukiongeza karatasi ni Sh 184. Ukurasa huohuo ukiuzwa Sh 200 unaacha Sh 16.

Mwenye duka anayetoza bei moja kwa kila ukurasa anawafidia wateja wa picha kwa fedha za wateja wa barua, bila kujua. Ana njia mbili za kujinasua. Anaweza kuweka bei mbili, na kuzibandika ukutani ili mteja ajue mapema. Au anaweza kuondoa kivuli kabla ya kuchapa, kwa kuiskani upya karatasi halisi au kuongeza mwanga wa picha. Mteja atapata nakala safi, na tona itadumu.

Wateja nao wana sehemu yao. Anayetuma waraka kwa WhatsApp autume kama faili na siyo kama picha, kwa sababu picha hupunguzwa ubora njiani na maandishi madogo hufifia.

Hesabu hii pia inajibu swali la printa ngapi. Duka lenye printa tatu za aina tofauti linahitaji tona tatu za akiba. Kwa bei ya mfano wetu ni Sh 180,000 zilizolala kabatini. Printa moja ya mtandao inahitaji akiba ya Sh 60,000. Fedha iliyobaki inaweza kununua rimu 10, nyingi zaidi ya hizo zikiwa zimenunuliwa kwa jumla. Kasoro ni kwamba printa hiyo ikiharibika hakuna mbadala, na fundi anaweza kuchelewa kufika. Kwa hiyo printa ndogo ya zamani isitupwe. Ibaki pembeni ikiwa tayari, na ijaribiwe kila wiki.

Ukungu na karatasi

Hali ya hewa ya Usambara ina gharama yake katika biashara hii. Karatasi hunyonya unyevu kutoka hewani. Katika msimu wa masika, na asubuhi za ukungu za Juni hadi Agosti, rimu iliyoachwa wazi huwa na majimaji yasiyoonekana kwa macho. Inapopita kwenye joto kali la printa ya leza, karatasi hujikunja, hukwama, au wino haushiki vizuri na maandishi yanafutika kwa kidole.

Wapo wanaoita fundi kwa tatizo hilo na kubadilishiwa vifaa visivyo na kosa. Kinachotakiwa ni kuiacha rimu ndani ya karatasi yake ya nta hadi siku ya kuitumia, kuiweka juu ya rafu badala ya sakafu ya saruji, na kuweka kwenye trei karatasi za kutosha siku moja tu. Jioni zilizobaki zirudishwe kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa.

Siri za watu kwenye trei

Printa moja inayohudumia watu wengi ina hatari nyingine. Kurasa za wateja watatu zinaweza kutoka kwa kufuatana. Asipoangalia kijana, nakala ya kitambulisho cha taifa au hati ya shamba ya mtu mmoja inaondoka ndani ya bahasha ya mwingine.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imeweka wajibu kwa wanaoshughulika na taarifa za watu. Duka la kijijini halihitaji mitambo mikubwa ili kuheshimu siri za wateja. Linahitaji utaratibu: kila kazi itolewe kwenye trei na kuhesabiwa mbele ya mwenyewe, faili ifutwe kwenye kompyuta na kwenye simu ya duka kabla mteja hajaondoka, na kurasa zilizoharibika zenye majina ya watu zichanwe. Zisiishie kufungia maandazi au karanga sokoni.

Flashi nazo zichunguzwe na programu ya kuzuia virusi kabla ya kufunguliwa. Kompyuta za dukani zimeunganishwa, na kirusi kinachoingia kupitia moja kinaweza kuzifikia zote tatu.

Kabla mteja hajafika

Ushirika wa wakulima, ofisi ya kata au kikundi cha akina mama wasindikaji kinachofikiria kununua kompyuta kinakabiliwa na uamuzi uleule wa steshenari. Kinachofaa kuulizwa dukani kabla ya kulipa ni mambo matatu: kama printa ina tundu la waya wa mtandao, tona yake inapatikana Lushoto au Korogwe bila kuagiza Dar es Salaam, na boksi la tona linaahidi kurasa ngapi. Bei ya mashine iwe swali la nne. Printa ya bei ya chini yenye tona ghali hurudisha fedha zake kwa muuzaji kidogo kidogo, mwezi hadi mwezi.

Kwa duka lililokwishaanza, jaribio la kila asubuhi linatosha. Kabla ya kufungua mlango, kila kompyuta ichape ukurasa mmoja wa PDF wenye maandishi machache. Kurasa tatu kwa bei ya mfano wetu zinagharimu chini ya Sh 200. Zikitoka zote, anwani iko sawa, draiva iko sawa na karatasi ni kavu. Isipotoka moja, tatizo limejulikana saa mbili asubuhi, wakati mzazi kutoka Mgwashi bado yuko njiani na pikipiki, na mwenye duka bado ana muda wa kulitatua.